Mdomo wa Bwawa

Debe lililia kwanza. Likafuata la pili, karibu zaidi, kisha la tatu, na lilipofika la nne Wangila alikuwa ameshaketi kitandani gizani, akipapasa sakafu kwa kidole cha mguu kuona kama bado ni kavu.

Gatwekera, mtaa wa bondeni wa Kibera, ina kengele yake. Mvua ikimwagika, wanaokaa juu karibu na reli hupiga debe, sufuria, bati, chochote chenye mlio, ili walio chini yao wasikie. Hao nao hupiga ili walio chini zaidi wasikie, mpaka mlio unafika mtoni kabla ya maji. Hakuna chifu aliyetunga sheria hiyo, wala askari anayeilinda. Serikali haikuwapa king'ora, wakajitengenezea.

Wangila aliokota sufuria na mwiko, akagongea jirani wa chini. Halafu yeye na mkewe, Nthenya, wakashika godoro huku na huku.

"Inua upande wako."

"Nimeinua. Ni wewe unashusha."

Godoro juu ya meza, unga juu ya godoro, viatu juu ya unga. Maji yalipita chini ya mlango, meusi, yamebeba maganda ya viazi na kamba ya kiatu cha mtu. Mvua haikuwa ndefu. Kulipopambazuka Nthenya alikuwa akiyachota kwa sahani ya plastiki na kuyamwaga nje, na Wangila amesimama mlangoni akiutazama mtaro kama mtu anayemtazama mdeni.

"Shida ni hii kitu. Nyembamba kama koo ya kuku. Wangechimba kubwa, maji ingeenda zake."

"Si wewe ni fundi wa mabomba? Chimba."

"Wacha kwanza nichimbie matajiri."

Nthenya akamrushia tone la maji kwa sahani. Walicheka, kwa sababu asubuhi kama ile ukikosa kucheka utalia, na kulia ni maji mengine ndani ya nyumba.

Lakini Wangila hakuwa anatania. Tangu aje kutoka Bungoma, katika kila nyumba aliyopanga, ni mtaro mwembamba uliomlowesha. Mtaro mdogo ndio unaoua: hiyo ilikuwa imani yake, imara kama sala. Na Jumamosi iliyopita imani hiyo ilikuwa imemfanyisha jambo.

Akavaa gambuti zilizolowa, akakata njia kwa miguu kwenda Kawangware.

Mjengo ulikuwa kwenye mteremko mpana, ardhi ya mzee Muigai. Babake alilima hapo mahindi na nyasi za ng'ombe. Muigai akapandisha vyumba vya mabati vya kupangisha, na sasa mabati yameng'olewa ili kusimamishwe maghorofa, safu kwa safu, na uwanja wa magari katikati. Ghorofa moja lilikuwa limeshaezekwa. Uwanja ulikuwa umeshamwagwa zege. Ardhi iliyokuwa ikinywa mvua kwa kinywa wazi ilikuwa imezibwa, na chini yake, bondeni kando ya kijito, kulikuwa bado na nyumba za mabati zilizobanana, na mbele ya zote kibanda cha Filister, ambaye kila mtu alimwita Mama Apiyo, mpika chai na chapo wa mjengo mzima.

Aliyepanga maji ya ploti hiyo yaende wapi alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Mourine Nalianya alizaliwa Kambi Muru, Kibera hiyo hiyo, akasomea uinjinia, akarudi na kofia nyeupe kichwani na macho yale yale. Kabla hajachora mstari hata mmoja alikuja kwenye ploti mvua ikinyesha. Vibarua walijibana chini ya bati. Yeye alitembea. Aliyafuata maji kama mtu anayefuata ng'ombe aliyepotea: yalipochepuka alichepuka, yalipotuama alisimama, mpaka yakamfikisha kwa Mama Apiyo. Hapo akaomba chai, akauliza, "Ikija yote, inafika wapi?"

Mama Apiyo alimwonyesha doa la tope ukutani, usawa wa kiuno.

Ndipo Mourine alipochora, na alichora kama mtu aliyeliona doa lile. Maji ya paa hakuyatia kwenye bomba yakimbie. Aliyaleta kwenye mitaro mipana yenye nyasi, ili yatembee. Mitaro ikapinda na mwili wa mteremko, ikakutana kona ya chini, na hapo akaamuru lichimbwe bwawa kubwa, kingo zimelala, mdomo wake ukielekea kijitoni.

"Si bwawa ya samaki," aliwaambia vibarua. "Hii ni ya kungojea tu. Jua likiwaka iko kavu, watoto wacheze mpira ndani. Mvua ikija inashika, halafu inaachilia polepole mpaka inaisha."

Walilichimba kwa wiki nyingi, kwa sururu pale tingatinga liliposhindwa, na kazi ile iliwapa majivuno ambayo ghorofa halikuwapa. Ghorofa lingepangishwa na watu wasiowajua. Bwawa lilikuwa la bonde, na wengi wao walikuwa watu wa mabonde. Hata Urbanus, ambaye hajawahi kusifu kitu chochote isipokuwa chakula, alisimama ukingoni siku moja akasema, "Hii inakaa bakuli ya Mungu."

Wangila aliipenda kazi hiyo kuliko wote. Kitu kimoja tu kilimkera. Mdomo wa bwawa, bomba la kutolea maji, lilichorwa dogo, nene kama paja la mtoto. Bakuli la Mungu, na koo la kuku! Akatazama huku na huku, hakuona chochote cha kuzuia taka mbele yake: nepi moja, mfuko mmoja wa unga, na tundu lile lingekwama. Hakuuliza. Fundi aliyelala juu ya meza mvua ngapi sijui hafundishwi mitaro na mtu. Kwa hiyo Jumamosi, Mourine akiwa ameitwa kwenye mjengo mwingine, Wangila alichukua kalvati kubwa ya zege iliyobaki kwenye kazi ya barabara, pana kiasi cha mtu kutambaa ndani, akailaza, Urbanus akimsaidia, mahali pa bomba dogo, akaijengea ukuta, akaipiga lipu mpaka ikang'aa.

"Hawa mabwenyenye wanabania hadi maji," alimwambia Urbanus. "Mama Apiyo atanishukuru."

Leo ilikuwa Jumatatu.

Kwa Mama Apiyo chai ilikuwa tayari, na habari pia.

"Omera, ndugu zangu, mmesikia?" alisema, akigeuza chapo kwa vidole bila kuungua. "Kanjo anakuja leo, mtu wa kaunti wa kukagua mijengo. Muigai amemleta aangalie lile shimo lenu. Kama si lazima, linajazwa mchanga na linasimamishwa ghorofa lingine."

"Nani alikuambia?" aliuliza Urbanus.

"Dereva wa Muigai anakula kwa nani? Anakunywa chai yangu na anatapika siri zao."

Urbanus akacheka. Wangila hakucheka. "Injinia atakubali?"

"Huyo msichana? Huyo atasimama ndani ya shimo wamfukie nalo." Mama Apiyo aliweka chapo kwenye sahani. "Mimi najua kitu kimoja. Lile shimo likifa, mimi pia nahama. Maghorofa yote hayo yakinikojolea siku moja, nitabaki na nini?"

"Haliwezi kufa," Wangila alisema. "Nimeliwekea mdomo mzuri."

Muigai alifika mawingu yakiwa yameshuka mpaka kwenye vyuma vya ghorofa, pamoja na ofisa wa kanjo, mtu wa viatu vilivyong'arishwa aliyekuwa akikanyaga ardhi kana kwamba ardhi imemkosea. Mourine alikuja kwa miguu kutoka stejini. Alikuwa bado akiwaonyesha mitaro ya juu, hata hajafika kwenye bwawa, pale matone ya kwanza yalipogonga kofia yake.

"Vizuri," alisema. "Sasa mtaona yenyewe ikijieleza."

Mvua ilikuja ya Aprili, isiyobisha hodi. Muigai na ofisa wakajikinga chini ya mwavuli ukingoni mwa bwawa. Vibarua wakajipanga upande wa pili, magunia kichwani. Na kweli, ilikuwa ajabu kutazama. Paa lilitema maji, na mitaro ya nyasi ikayapokea, ikayatuliza, ikayageuza. Yalikuja yakizunguka mteremko kwa adabu, kutoka kushoto na kutoka kulia, kila mkondo ukiingia pale ulipochorewa. Vibarua walipiga mbinja. Hawakuwa wamewahi kuona maji yakimtii mtu, sembuse msichana wa Kambi Muru.

Yakaingia bwawani. Na bwawa halikujaa.

Yalizunguka mara moja chini, yakaiona kalvati, yakapita yote kwa mngurumo, kama lori linaloteremka bila breki. Uso wa Mourine ulibadilika. Akaanza kushuka kingo kwa matako, tope likimpaka.

"Mbona halishiki?" aliuliza ofisa.

Muigai akacheka. "Si nilikwambia? Shimo tu. Shimo la gharama."

Hapo ndipo Wangila aliposikia. Kutoka bondeni, ndani ya mngurumo wa mvua: debe. La pili. La tatu. Saa ya mchana, Kawangware, mlio ule ule uliomwamsha kwake usiku. Hakuwa amejua kwamba huku pia wanapiga. Akayatazama maji yakitoka kwenye kalvati yake, mapana, yenye furaha, na mwili ukaelewa kabla ya akili.

Aliruka ukingo, akakimbia kuteremka.

Kibanda cha Mama Apiyo kilikuwa kimesimama katikati ya mto. Jiko lilikuwa limezimwa na limepinduka. Benchi ambalo Wangila alilikalia asubuhi lilikuwa likielekea kijitoni peke yake. Mama Apiyo alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, mfuko wa unga kichwani, akipiga sufuria kwa mkono mwingine ili walio chini wasikie. Hata yeye, unga wake ukilowa, hakuacha kupiga.

"Shika hapa!" alimpigia kelele. "Usinikodolee macho kama kanjo!"

Wangila alishika unga. Alibeba godoro, akabeba redio, akambeba bibi wa jirani mgongoni. Mvua ilipopungua alipanda tena mteremko, tope mpaka kifuani, na aliwakuta wangali ukingoni.

"Mimi naandika kitu nimeona na macho," ofisa alikuwa akisema. "Bwawa haifanyi kazi."

"Basi ijazwe," alisema Muigai. "Keshokutwa tingatinga liko hapa."

Mourine alikuwa amesimama chini kabisa, mbele ya kalvati, mkono wake juu ya lipu ile inayong'aa. "Hii si bomba yangu," alisema. "Mimi nilichora ndogo. Nani aliweka hii?"

Vibarua wakatazama miguu yao. Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye magunia.

"Fundi ni wako, mchoro ni wako," alisema Muigai. "Usitafute mtu wa kusukumia."

Urbanus alimfinya Wangila ubavuni. "Nyamaza, buda. Ni mimi na wewe tu tunajua."

Na ilikuwa kweli. Angenyamaza, angebaki na kazi. Ghorofa jingine lingetaka mabomba mengine, na yeye ndiye angeyalaza. Msichana angeonekana hajui kazi, bwawa lingefukiwa, na Mama Apiyo angehama au angezoea. Watu huzoea. Hiyo ndiyo benki mabwana wanayotolea pesa: uzoefu wetu wa kulowa.

"Ni mimi," Wangila alisema.

Wote wakageuka.

"Mchoro ilisema ndogo. Mimi nikaweka kubwa. Niliona mnabania maji itoke, ifurikie watu. Kwetu mtaro mdogo ndio unatumaliza. Bwawa haina makosa. Injinia hana makosa. Ni bomba yangu."

Muigai alimwangalia kama mtu anayeangalia kokoto ndani ya wali. "Wewe, toka kwa ploti yangu. Sasa hivi. Na askari asikuone hapo getini tena."

"Ofisa," Mourine aliita kutoka chini, "umeskia mwenyewe. Umeona bomba ambayo si yangu. Haujaona bwawa yangu. Rudi kesho uione ikiwa na mdomo wake; Aprili hii mvua haikosi."

"Mama, niko na kazi nyingi."

"Na chini huko kuna watu wamelowa. Twende tukawasalimie wakuambie kama unaweza kuwapea siku moja. Ni hapa tu. Tope kidogo."

Ofisa alivitazama viatu vyake. Alilitazama bonde, ambako watu walikuwa wameanza kujitokeza milangoni na kuangalia juu, kimya, mmoja baada ya mwingine.

"Kesho kabla ya lunch," alisema. "Nisipoona kitu, nafunga file." Akarudi kwenye gari la Muigai, akapangusia viatu mlangoni.

Mourine alimfikia Wangila kabla hajatoka getini. Wangila alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa hata amechagua ya kujibu.

"Fundi," alisema Mourine, "mbona hukuniuliza?"

 Wangila akatazama gambuti zake.

"Sikiza. Kama watu mia wanataka kuingia kliniki, na ukifungua ukuta wote, wataingia?"

"Watakanyagana."

"Na ukiweka mlango mmoja?"

"Watapanga laini."

"Basi. Hatukatazi maji kwenda. Tunaiambia ipange laini. Mtaro wenu wa Gatwekera si kwamba ni mdogo tu. Ni kwamba huko juu hakuna mtu aliwahi kuchelewesha maji yenu. Yanawafikia yote kwa mpigo, na hakuna mtaro duniani utayameza."

Wangila alisimama kwenye tope, na kitu alichokiamini maisha yake yote kikageuka ndani yake taratibu, kama godoro linalogeuzwa upande wa pili. Hakukipenda. Lakini alikiona.

"Sawa," alisema hatimaye. "Na taka je? Tundu ndogo hivyo, Kawangware hii? Nepi moja tu, imeziba."

"Nilikuwa nimechora chujio cha nondo, kimelala hivi mbele ya mdomo, taka ipande juu ibaki, maji ipite. Muigai alikiondoa kwenye mchoro wiki ya kwanza. Alisema ni urembo."

"Urembo!"

"Ndio maana hukukiona. Ungekiona, ungeweka ndogo?"

Wangila alifikiri kwa uaminifu. "Ningebishana. Lakini ningeweka."

Mourine akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, tope likimkauka shavuni. "Hatuwezi kubomoa kalvati kabla ya kesho. Lakini tukipata bamba la chuma, nene, lenye tundu kama ile nilichora, tufungie mbele ya mdomo kwa bolti. Na chujio juu yake. Nani anachomelea usiku huu?"

"Mukhwana wa Laini Saba, karibu na kwetu. Anachomelea mageti. Ukimwambia ni ya maji ya Muigai atakataa. Ukimwambia ni ya Mama Apiyo atachoma mpaka stima ipotee."

Mourine akamwonyesha vipimo kwa mikono miwili, akarudia mpaka Wangila naye akamwonyesha bila kukosea. "Lakini wewe hauruhusiwi kuingia," alisema. "Na mimi peke yangu siwezi kulifunga. Wale wengine wataogopa."

 Wangila alipita getini, askari akimfungulia huku akitazama pembeni kwa haya, na badala ya kushika njia ya Kibera akateremka bondeni.

Mama Apiyo alikuwa ameanika unga kwenye bati, akiutenganisha wenye tope na uliosalimika. Jiko lilikuwa limesimamishwa, halikuwa limewaka. Hakuinua kichwa.

"Wamesema ni wewe uliniletea mto ndani ya nyumba."

"Ni mimi, Mama Apiyo."

"Na nimekulisha chapo leo asubuhi."

"Mbili."

"Na ukasema umeliwekea mdomo mzuri." Akatupa konzi ya unga uliolowa kwenye mtaro. "Mdomo mzuri ni wako, omera. Umekula, umeongea, umenizamisha. Sasa umefutwa, lile shimo linajazwa, na mimi niambie, nifunge virago leo ama ningoje mvua inifungie?"

Wangila aliutazama mtaro ulioshuka kutoka kwenye kalvati yake mpaka mlangoni pa kibanda. Maji yalikuwa yameukwangua mpana na safi, ngazi kamili ya udongo mwekundu, kutoka kwa Mama Apiyo mpaka mdomoni mwa bwawa, bila geti hata moja njiani.

"Usifunge," alisema, kwa sauti iliyofanya walio milangoni wageuke. "Kesho alfajiri nitakuwa hapa na bamba la Mukhwana begani. Wakinifungia geti, nitapanda kwa mtaro huu huu niliokuletea. Kabla kanjo hajakanyaga hapa, lile bwawa litakuwa na mdomo aliochora Mourine, na mkono utakaokaza bolti ni huu. Umesikia, Mama Apiyo? Washa jiko lako."